Kibo na Hesabu ya Siku

Wengi wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro huambiwa kwamba kule juu hakuna oksijeni. Si kweli. Ukichukua hewa ya ufukweni Bagamoyo, ukachukua na nyingine kileleni Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kisha ukazipima, utakuta zote mbili zina asilimia 21 ya oksijeni. Mchanganyiko haujabadilika. Hata hivyo aliyesimama Bagamoyo anaongea huku akitembea, na aliye karibu na Uhuru anapiga hatua chache, anasimama, anahema. Ili kuelewa tofauti hiyo, na kuelewa kwa nini huwaumiza wengine mpaka kuwaua, itabidi tuanze mbali kidogo, kwenye uzito wa hewa yenyewe.

Hewa ina uzito. Hatuuhisi kwa sababu tumezaliwa ndani yake na hutusukuma kutoka pande zote kwa pamoja, lakini uzito upo, na kila tabaka la hewa limebeba matabaka yote yaliyo juu yake. Fikiria ghala la sufi ambamo magunia yamepangwa moja juu ya jingine hadi darini. Gunia la chini kabisa limekandamizwa na sufi yake imeshikana. La juu kabisa limefura, na ukilibonyeza linabonyea. Sufi ni ile ile, mzigo ulio juu yake ndio tofauti. Watu wa pwani wanaishi kwenye gunia la chini. Kila pumzi wanayovuta imeshindiliwa na hewa yote iliyo juu yao, kwa hiyo imebeba oksijeni nyingi. Kibo, sehemu ya Kilimanjaro yenye kilele cha Uhuru, iko magunia kadhaa juu. Pumzi ya Uhuru ina ukubwa ule ule kifuani, ila ndani yake kuna karibu nusu tu ya oksijeni iliyomo kwenye pumzi ya pwani.

Jambo hili lilithibitishwa tarehe 19 Septemba 1648. Mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme akiwa na mrija wa kioo uliojazwa zebaki. Hewa ndiyo inayoisukuma zebaki ipande ndani ya mrija kama huo, kwa hiyo hewa ikipungua uzito, zebaki lazima ishuke. Périer aliacha mrija mwingine chini mjini Clermont na mtu wa kuuangalia. Wa chini haukubadilika kutwa nzima. Ule aliopanda nao ulishuka kwa karibu sentimita 8. Hadi leo tunaweza kupima mgandamizo wa hewa kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile ambacho muuguzi hukitumia anapokupima presha.

Sasa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa kuwa ndani yake ndimo siri ya mlima ilimo. Usawa wa bahari mgandamizo wa hewa ni milimita 760. Uhuru ni kama nusu yake; tuseme 380. Lakini hewa ikipita puani na kooni hupashwa joto na kushiba mvuke wa maji, na mvuke huo huchukua 47 daima, uwe Tanga au uwe Kibo, kwa sababu joto la mwili ni nyuzi 37 popote ulipo. Toa 47 katika 760, zinabaki 713, na asilimia 21 yake ni karibu 150. Toa 47 katika 380, zinabaki 333, na asilimia 21 yake ni 70. Mgandamizo wa hewa umepungua kwa nusu, lakini oksijeni inayoingia mapafuni imepungua kwa zaidi ya nusu.

Bado hatujafika mwisho. Ndani ya vifuko vidogo vya hewa vya mapafu, pale damu inapopokea oksijeni, imo pia hewa ukaa ambayo mwili unaitoa nje. Kwa mtu mzima wa afya usawa wa bahari, hewa ukaa hiyo huwa karibu 40, na uwepo wake huenda pamoja na upungufu wa oksijeni wa karibu 50. Kwa hiyo kati ya zile 150, damu ya mtu wa pwani hukutana na 100, na inatosha kabisa. Je, ukiwa Uhuru ukipumua kama unavyopumua nyumbani? Toa 50 katika 70: zinabaki 20. Kwa kiwango hicho mtu asiyezoea angezimia. Anayefika Uhuru akiwa amesimama kwa miguu yake ameokolewa na kitu kimoja: anapumua zaidi, kwa kasi na kwa kina. Akipumua mara mbili ya kawaida, hewa ukaa hushuka kutoka 40 hadi 20, upungufu nao unashuka hadi 25, na oksijeni inayobaki ni 45. Ni kidogo, lakini mtu anaweza kutembea nayo, kuzungumza, na kulitambua bango la kilele.

Kuhema, basi, si udhaifu. Ndiyo tiba ya kwanza ambayo mwili hujipa. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo kuna vihisio vinavyoipima oksijeni ya damu, na vikiona imepungua huuamuru ubongo uongeze pumzi. Shida ni kwamba hewa ukaa si taka tu. Ikiyeyuka kwenye damu hufanya asidi, na ubongo huutumia uasidi huo kuamua upumue kiasi gani. Ukihema sana unaifukuza hewa ukaa, damu inapoteza asidi, na ile sehemu ya ubongo inayosimamia upumuaji inatoa amri ya kinyume: punguza. Sauti moja inasema ongeza kwa sababu oksijeni haitoshi, nyingine inasema punguza kwa sababu asidi haitoshi. Mchana, ukiwa unatembea, ya kwanza hushinda. Usiku usingizini ya pili hupata nguvu, na ndiyo sababu ukilala kambi ya Horombo au Barafu utamsikia mwenzako akipumua kwa nguvu, mara akinyamaza kwa sekunde kadhaa, kisha akishtuka na kuvuta pumzi nyingi kwa mpigo. Wengi hutishika. Kwa kawaida si hatari, ni sauti hizo mbili zinazobishana.

Wa kuusuluhisha ubishi huo ni figo. Zinapotambua kwamba damu imepungukiwa asidi, huanza kutoa bikaboneti kwenye mkojo mpaka uwiano urudi, na uwiano ukirudi ubongo huruhusu kuhema kuendelee usiku na mchana. Anayeamka mara kwa mara usiku kwenda haja ndogo asinung'unike. Figo zake ziko kazini. Lakini kazi hiyo haifanyiki kwa saa moja. Huanza siku ya kwanza na huchukua siku kadhaa, na kila unapopanda mita mia kadhaa zaidi, figo zina kazi mpya. Watu husikia kwamba mlimani damu huongezeka, wakadhani hicho ndicho kinachowafikisha. Ni kweli chembe nyekundu huongezeka, lakini hilo ni jambo la wiki nyingi, na safari ya Kibo huwa imekwisha kabla hazijafaa kitu. Katika siku tano, sita au saba, unachokitegemea ni pumzi na figo.

Tukishaelewa hivyo, ugonjwa wa mwinuko hauwi fumbo tena. Ni hali ya mtu aliyepanda haraka kuliko mwili wake ulivyoweza kujirekebisha. Ile aina ya kawaida huanza muda wa saa 6 hadi 12 baada ya kufika mahali pa juu: kichwa kinauma, na pamoja nacho kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, uchovu usioendana na mwendo, kizunguzungu. Huweza kumpata mtu hata kwenye mita 2,500. Mtu wa kwetu huwahi kufikiri ni malaria, na hakosei kuuliza, kwa kuwa dalili zinafanana. Mwenye homa apimwe. Ila kanuni ya mlimani ni kwamba maumivu ya kichwa yaliyoanza baada ya kupanda yahesabiwe kuwa ya mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Anayefuata kanuni hii akakosea amepoteza siku moja tu.

Aina mbili nyingine ndizo zinazoua. Ya kwanza ni ya ubongo. Ubongo ukikosa oksijeni hupanua mishipa yake ili upate damu zaidi. Majimaji huvuja, ubongo huvimba, na fuvu halina nafasi ya kuupisha. Dalili ya kuitafuta si ukali wa maumivu bali mwendo. Mwambie mgonjwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba kama mlevi, au akijibu maswali ovyo, au akikaa kimya asijali chochote, hakuna tena cha kusubiri.

Ya pili ni ya mapafu, nayo ndiyo inayoua zaidi kati ya magonjwa ya mwinuko. Chanzo chake ni kitu chenye manufaa kikitumika mahali pasipofaa. Huku chini, sehemu ya pafu ikiziba, kwa mfano kwa homa ya mapafu, mishipa ya sehemu hiyo hujibana ili damu ipelekwe kwenye sehemu zisizoziba. Ni mpango mzuri. Mlimani pafu lote lina oksijeni kidogo, kwa hiyo mishipa hujibana kote, tena bila usawa. Mgandamizo wa damu ndani ya mapafu hupanda, na pale palipobaki wazi damu husukumwa kwa nguvu hadi maji yake yanavujia kwenye vifuko vya hewa. Mara nyingi huanza usiku wa pili hadi wa nne. Mgonjwa huanza kwa kuachwa nyuma na wenzake, kisha kikohozi kikavu, kisha anahema hata akiwa amelala, midomo na kucha zinabadilika rangi. Ukichelewa anatoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Tofauti ya kuhema kwa kila mpandaji na kuhema kwa huyu ni pumziko: mzima akikaa dakika chache hutulia, huyu hatulii.

Hapa kuna jambo linalofanya ugonjwa wa mwinuko kuwa wa kuogopesha. Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto lililoitwa Zénith mpaka zaidi ya mita 8,000. Walikuwa na mifuko ya oksijeni karibu yao. Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel walikufa. Gaston Tissandier alipona, akaeleza kwamba hakuhisi mateso yoyote, bali furaha, na kwamba alipotaka kuufikia mrija wa oksijeni mikono haikumtii. Akili ikikosa oksijeni hupoteza kwanza uwezo wa kujua kwamba imeikosa. Mgonjwa wa mwinuko hawezi kuwa hakimu wa hali yake. Ndiyo maana mwongozaji mzuri hauulizi mdomo peke yake. Akisema "Umelalaje, dada?" na kujibiwa "Vizuri, kaka, uchovu tu," huangalia sahani ya chakula iliyorudi haijaguswa, huangalia mgeni anavyofunga kamba za viatu, na huweka kipima oksijeni kwenye kidole chake jioni na asubuhi. Namba ya kipimo hicho peke yake haitoshi kumtangaza mtu mzima au mgonjwa, hasa vidole vikiwa na baridi. Ikishuka siku hadi siku wakati ya wenzake inatengemaa, isipuuzwe.

Sasa tuitazame Kilimanjaro yenyewe. Mapendekezo ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne uongeze usiku mmoja palepale. Kinachohesabiwa ni mahali pa kulala, kwa sababu ni usingizini pumzi hupungua. Njia ya Marangu huanzia karibu mita 1,900 getini. Unalala Mandara, karibu 2,700. Kesho yake Horombo, 3,700. Keshokutwa kibanda cha Kibo, 4,700, na usiku huohuo unaamshwa kupanda mita nyingine karibu 1,200. Kuanzia Mandara, kila usiku ni mita 1,000, mara mbili ya kinachopendekezwa. Anayefanya hivyo kwa siku tano haupi mwili wake muda, hata kama anatembea pole pole namna gani. Mwendo wa taratibu husaidia usichoke, lakini figo hazihesabu hatua, zinahesabu siku za kulala.

Suluhisho lipo, na waongozaji wa Marangu na Machame wanalijua kuliko kitabu chochote. Ongeza usiku wa pili Horombo, na mchana wake panda kuelekea kilele cha Mawenzi kisha rudi ulale pale pale. Njia ya Machame inafanya hivyo kwa maumbile yake: unapita Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha unateremka kulala Barranco, karibu 3,900. Ukikigawa kipande cha mwisho kwa kulala Karanga, siku saba ni bora kuliko sita. Njia ya Lemosho kwa siku nane ni bora zaidi. Kinachozuia ni pesa. Ada za hifadhi hulipwa kwa siku, wapagazi hulipwa kwa siku, kwa hiyo safari fupi huuzika kwa urahisi. Nasema bila kusita: mwenye bajeti ndogo apunguze kitu kingine chochote, asipunguze siku. Na asidhani Mlima Kenya ni salama zaidi kwa kuwa kilele chake cha Lenana kina mita 4,985 tu. Gari linaweza kukutoa Nairobi asubuhi na kukushusha kituo cha hali ya hewa cha Naro Moru, mita 3,050, siku hiyohiyo, na kesho yake ukawa juu ya 4,000.

Usitegemee mazoezi. Mkimbiaji wa marathoni huugua sawa na karani, na pengine zaidi, kwa sababu miguu yake inampeleka haraka. Aliyewahi kuugua mwinuko ana uwezekano mkubwa wa kuugua tena kwa mwendo ule ule. Kunywa maji ya kutosha, maana hewa ya juu ni kavu na kuhema hukausha, lakini kujaza maji lita baada ya lita hakuzuii ugonjwa huu. Pombe na dawa za usingizi hupunguza pumzi usiku, yaani hushika upande wa ile sauti ya pili. Ziache mpaka urudi Moshi.

Dawa ya kinga inayojulikana zaidi ni asetazolamidi, iuzwayo pia kwa jina la Diamox. Baada ya yote tuliyosema, kazi yake ni rahisi kuielewa: huzifanya figo zitoe bikaboneti mapema, damu irudishe asidi, na ubongo uache kuzuia pumzi. Haifichi dalili; huharakisha kile ambacho mwili ungefanya wenyewe. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole huwasha kama vinavyochomwa na sindano ndogo, mkojo huongezeka, na soda hupoteza ladha. Ni dawa ya kundi la salfa, kwa hiyo aliyewahi kudhurika na SP ya malaria au dawa nyingine ya salfa amweleze daktari kwanza. Mjamzito pia aanzie kwa daktari.

Kuna kundi moja ambalo halitajwi vya kutosha huku kwetu. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, hapaswi kupanda. Oksijeni ikipungua ndipo chembe zake nyekundu hujikunja na kuziba mishipa. Hata mwenye kurithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa maisha yake yote, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu, japo hutokea kwa nadra. Afrika Mashariki urithi huu si wa watu wachache. Maumivu makali ya ghafla upande wa kushoto chini ya mbavu yanatosha kumrudisha mtu chini.

Mtu akishaugua, swali la kwanza ni kama ni kichwa na kichefuchefu tu. Kama ndivyo, abaki pale alipo, asipande hata mita moja, apewe parasetamoli au ibuprofeni, apumzike. Wengi hupona kwa siku moja au mbili, na aliyepona kabisa anaweza kuendelea. Asipopata nafuu, ashuke. Akiyumba au akihema akiwa amepumzika, ashuke sasa hivi, usiku au mchana, mita 300 hadi 1,000 au zaidi, mpaka hali ibadilike. Njia nyingine zote ni za kununua muda: oksijeni ya mtungi, deksamethasoni kwa uvimbe wa ubongo, nifedipini kwa mapafu, ambayo hulegeza ile mishipa iliyojibana, au mfuko wa mgandamizo, ambao mgonjwa hufungiwa ndani na kujazwa hewa kwa pampu, akawa kama ameteremshwa mita zaidi ya 1,000 bila kuondoka mahali pake. Mwenye mapafu yaliyojaa maji apatiwe joto na abebwe kila inapowezekana, kwani baridi na kujitutumua huongeza mgandamizo kwenye mapafu. Aliyepata mojawapo ya aina hizi mbili safari yake imekwisha, hata akijisikia mzima akiwa chini.

Yote haya yanamhusu mpagazi kama yanavyomhusu mgeni, na naona hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mtu anayeishi chini ya mlima hazaliwi na mapafu tofauti. Amezoea kwa sababu hupanda mara kwa mara, na akikaa chini majuma kadhaa mazoea hayo hupotea. Yeye hubeba mzigo ambao kikomo chake ni kilo 20, hutangulia ili mahema yawe tayari, na mara nyingi nguo zake ni duni kuliko za anayemhudumia. Ana sababu ya kuficha maumivu ya kichwa: akirudishwa anaweza kukosa malipo. Kwa hiyo mgeni anayeuliza kampuni kuhusu chakula na mahema aulize pia mpagazi akiugua anashushwaje. Jibu la kukubali ni moja. Hatumwi chini peke yake. Anasindikizwa na mwenzake anayeijua njia na anayeelewana naye kwa lugha, akiwa na oksijeni hali ikiwa mbaya, hata ikiwa ni saa nane usiku, na ujira wa siku zilizobaki analipwa.